Fumbo Lisilofumbuliwa: Tamthilia ya Mfululizo katika Mafundisho ya Msuko

Utangulizi

Kila aliyelelewa katika Kiswahili anaijua desturi ya vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nasi humjibu, "Tega!" Tukishindwa kutegua, hudai mji. Tukishampa mji hana hiari tena: hana budi kutoa jibu. Mchezo huo wa watoto umebeba sheria kubwa ya fasihi. Mtegaji ametwaa usikivu wetu, na kwa mji tumemlipa. Jibu ni deni lililobaki juu yake, na ahadi ni deni.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo linalotokea pale deni hilo lisipolipwa, na kuonyesha namna mwalimu wa fasihi awezavyo kulitumia katika kufundisha msuko wa hadithi. Mfano wetu tumeutoa katika tamthilia ya mfululizo ya televisheni, kwa kuwa huko ndiko mafumbo yaachwayo na nyuzi zikatikazo huonekana waziwazi kuliko mahali pengine.

Haja ya somo hili imo madarasani mwetu. Mwanafunzi asomaye kitabu cha mtihani mara nyingine hunyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, yule mhusika wa sura ya tatu aliishia wapi?" Nasi, kwa kuogopa kukivunjia heshima kitabu, humwambia asome tena, au hubuni jibu ambalo mwandishi hakuliandika. Tuliowahi kufanya hivyo si wachache. Tunapofanya hivyo humfundisha mtoto kutoyaamini macho yake mwenyewe.

Tofauti ya mfululizo na kitabu

Mwandishi wa riwaya iliyokamilika kabla ya kuchapwa anayo nafasi ya kurudi nyuma. Akifika sura ya ishirini na kuona kwamba bunduki ya sura ya pili haikufyatuliwa, huirudia sura ya pili na kuiondoa. Mwandishi wa mfululizo hana nafasi hiyo. Sehemu ya kwanza imekwisha kutazamwa na watu wakati yeye bado anaiandika ya kumi. Kilichotoka hakirudi.

Hali hii ilikuwapo kabla ya televisheni. Charles Dickens wa Uingereza alikuwa akiitoa riwaya yake ya The Mystery of Edwin Drood kwa sehemu za kila mwezi alipofariki mwaka 1870. Kati ya sehemu 12 alizokusudia, alikuwa ameandika 6 tu, na hatima ya Edwin Drood haikuelezwa. Hapo uzi ulikatwa na mauti. Katika televisheni, kama tutakavyoona, wakataji wa nyuzi ni wengi zaidi.

Mfano wa tamthilia ya Lost

Tamthilia iitwayo Lost, yaani 'Waliopotea', ilionyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia tarehe 22 Septemba 2004 hadi tarehe 23 Mei 2010, kwa misimu sita. Ilipigwa picha katika visiwa vya Hawaii. Inasimulia habari za abiria wa ndege iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles ikaanguka katika kisiwa kisichojulikana. Tangu mwanzo watazamaji walitegewa vitendawili: mnyama asiyeonekana avunjaye miti, dubu mweupe wa nchi za barafu katika kisiwa cha joto, mlango wa chuma uliozikwa msituni. Mafumbo hayo hayakuishia mahali pamoja. Kwa ajili ya mafundisho, twaweza kuyagawa mafungu manne.

(a) Fumbo lililofumbuliwa. Yule dubu mweupe alielezwa katika msimu wa tatu: aliletwa na wanasayansi waliokuwa wakifanya majaribio kisiwani, na vizimba vya dubu vilionyeshwa. Hapa mji ulitolewa na jibu likaja.

(b) Fumbo lililofumbuliwa kwa kasoro. Mwaka 2004 abiria walikuta mifupa ya watu wawili pangoni. Daktari aliyekuwa miongoni mwao alitazama nguo zilivyochakaa, akakadiria kwamba wamekaa pale miaka 40 au 50. Jibu lilitolewa mwezi wa Mei 2010, nalo liliwaonyesha kuwa ni watu wa enzi za kale sana, wakati Kilatini kilipokuwa kikizungumzwa. Deni lililipwa, lakini fedha iliyorudishwa haikulingana na iliyokopwa. Kadhalika zile nambari 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ambazo mmoja wa wahusika alishindia bahati nasibu kisha akaandamwa na mikosi. Msimu wa mwisho ulieleza kwamba kila nambari ilikuwa ya mtu fulani aliyeteuliwa. Kwa nini zilete mikosi, haukueleza.

(c) Uzi uliokatika. Mwanamke aitwaye Libby alionyeshwa katika msimu wa pili akiwa mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, hospitali ile ile alimokuwa amelazwa mwenzake wa kisiwani. Watazamaji walingoja kuelezwa alifikaje humo. Libby aliuawa katika msimu huo huo, mwaka 2006, na habari ya hospitali haikufafanuliwa.

(d) Fumbo lenye utata. Katika msimu wa tano, mwaka 2009, wahusika wamo katika mtumbwi baharini. Watu wa mtumbwi mwingine wanawafukuza na kuwapiga risasi. Mmoja wa wahusika anajibu mapigo, na yaelekea amempata mtu. Ghafla wanahamishwa na kupelekwa wakati mwingine. Waliokuwa katika mtumbwi wa pili hawakujulikana mpaka mwisho wa tamthilia. Je, fumbo hili liliachwa kwa makusudi, au lilisahauliwa? Swali hili ni zuri kwa mjadala darasani, kwa sababu kila upande una la kusema.

Sababu za nyuzi kukatika

Mwanafunzi akiisha kuona kasoro, hupenda kusema kwamba mwandishi ni mzembe. Ni wajibu wetu kumwonyesha kwamba kazi ya sanaa hutengenezwa na watu, wakati na mali, na kila kimoja chaweza kuukata uzi.

Kwanza ni umri wa mwigizaji. Mtoto Walt aliigizwa na Malcolm David Kelley. Msimu wa kwanza ulidokeza mara kwa mara kwamba mtoto huyo ana uwezo usio wa kawaida. Lakini misimu miwili ya kwanza, iliyochukua karibu miaka miwili kuonyeshwa, ilisimulia siku zisizofika 70 za kisiwani. Mwigizaji alikuwa akikua kwa kalenda yetu, na mhusika wake alitakiwa asikue. Walt aliondolewa kisiwani mwishoni mwa msimu wa pili, na baadaye alionekana kwa nadra tu. Kwa hiyo uwezo wake, uliokuwa umetangazwa kwa kishindo, haukupata kazi ya kufanya.

Pili ni kuondoka kwa mwigizaji. Adewale Akinnuoye-Agbaje, aliyeigiza kasisi wa Kinigeria aitwaye Eko, aliomba mwenyewe kuiacha tamthilia, na Eko akauawa mapema katika msimu wa tatu, mwaka 2006. Njia ndefu iliyokuwa ikielekea kufunguka mbele yake ikafungwa.

Tatu ni sauti ya watazamaji. Katika msimu huo huo wa tatu waliingizwa wahusika wapya wawili, Nikki na Paulo. Watazamaji hawakuwapenda, na mwezi wa Machi 2007 wakaondolewa kwa kuzikwa hai. Riwaya iliyochapwa haiwezi kubadilishwa na wasomaji wake, mfululizo waweza.

Nne ni urefu usiojulikana. Kwa misimu mitatu waandishi hawakujua hadithi yao itaisha lini, maana tamthilia ipendwayo kituo hutaka iendelee. Asiyejua safari ni ya siku ngapi hawezi kugawa chakula chake. Mwezi wa Mei 2007 ndipo ilipotangazwa kwamba tamthilia itaisha mwaka 2010, baada ya sehemu nyingine 48. Hata mpango huo ulitikiswa na mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 hadi Februari 2008, ukapunguza sehemu za msimu wa nne.

Watengenezaji wenyewe walitambua kwamba wanadaiwa. Mwaka 2010 walitoa nyongeza ya dakika 12 hivi, iitwayo The New Man in Charge, iliyoeleza chakula kilichokuwa kikiangushwa kisiwani kilitoka wapi, na kumrudisha Walt. Fidia haitolewi pasipo deni.

Je, kila fumbo lijibiwe?

La. Tungekuwa tumekosea kama tungewafanya wanafunzi waamini hivyo. Tazama tamthilia ya Twin Peaks ya David Lynch na Mark Frost, iliyoanza kuonyeshwa na kituo hicho hicho mwaka 1990. Swali lake kuu lilikuwa ni nani aliyemuua msichana Laura Palmer. Lynch hakutaka swali hilo lijibiwe upesi, lakini kituo kilishikilia lijibiwe, na muuaji akafichuliwa mwezi wa Novemba 1990. Jibu lilipotoka, watazamaji wengi walikosa sababu ya kuendelea kutazama, na mwezi wa Juni 1991 tamthilia ikasimamishwa, mhusika wake mkuu akiwa katika hatari isiyotatuliwa. Iliendelea mwaka 2017, baada ya miaka 26.

Hivyo kipo kitendawili kinachokufa kwa kuteguliwa. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: fumbo lililoachwa kwa makusudi huendelea kufanya kazi ndani ya hadithi hata mwisho wake, wahusika hulibeba, huathiriwa nalo, na ukimya wake una maana. Uzi uliokatika haufanyi kazi yoyote baada ya kukatika. Hadithi husonga mbele kama kwamba haukuwapo.

Somo darasani

Somo hili laweza kufundishwa kwa vipindi vinne vya dakika 40, na halihitaji televisheni. Mwalimu asimulie kwa kifupi mifano tuliyoitoa.

Kipindi cha kwanza. Wanafunzi wategeane vitendawili, kisha mwalimu atege kimoja, apewe mji, halafu akatae kujibu. Manung'uniko ya darasa ndiyo utangulizi wa somo. Waulizwe: mmekasirika kwa nini?

Kipindi cha pili. Kila kikundi kifungue "Daftari la Madeni" la kitabu wanachosoma, lenye safu nne: fumbo, ukurasa lilipotegwa, ukurasa lilipojibiwa, fungu lake kati ya yale manne. Asiyeweza kutaja ukurasa asiandike kitu.

Kipindi cha tatu. Vikundi viandike hadithi ya sehemu tano. Sehemu moja ikiisha husomwa mbele ya darasa, na haruhusiwi mtu kuibadili. Baada ya sehemu ya pili mwalimu agawe vikaratasi vyenye amri: "Mhusika wenu mkuu ameondoka," au "Mmepunguziwa sehemu moja," au "Wasikilizaji hawampendi shujaa." Vikundi viendelee hivyo hivyo.

Kipindi cha nne. Vikundi vikaguane madeni. Hapa wanafunzi watagundua jinsi ilivyo vigumu kulipa yote, na watajifunza kumhukumu mwandishi kwa haki: bila kumwogopa, na bila kumdharau.

Katika kusahihisha, tunashauri mwanafunzi aoneshaye kwa ushahidi kwamba kitabu hakikulijibu swali fulani apewe alama kamili, hata kama kitabu hicho ni cha mwandishi mashuhuri. Asemaye tu kwamba "mwandishi amesahau" bila kutaja mahali, asipewe.

Hitimisho

Mwalimu anayeulizwa swali ambalo kitabu hakina jibu lake yumo katika hali ya mtegaji aliyekwisha kupewa mji. Akibuni jibu, amelipa kwa fedha bandia. Yafaa aseme waziwazi, "Mwandishi hakutuambia, hebu tutazame kwa nini." Maneno hayo hayampunguzii mwalimu heshima, na darasa lililoyasikia mara moja litasoma kitabu kijacho likiwa na kalamu mkononi.