Msikilizaji aliyefunzwa naye ni tiba

Huenda nyumbani kwako yupo mtu asiyelala. Usiku anashtuka akitokwa jasho, mchana anajitenga. Au ni mtoto wa miaka minane aliyeanza tena kukojoa kitandani, hataki uondoke machoni pake. Umempeleka kupima malaria, hana. Jirani kakwambia ni mawazo tu, yatapita. Miezi inakwenda, hayapiti. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili yuko mbali na nauli huna. Ufanye nini?

Wakazi wa Ngara na Biharamulo wanalijua swali hili kuliko wengi wetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, inakadiriwa watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Benaco ikageuka mji wa mahema. Warundi nao, waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao 1993, walipokewa katika kambi kama Lukole wilayani Ngara. Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini Lukole iliendelea kuwa na Warundi kwa miaka mingi baadaye.

Piga hesabu mwenyewe. Katika umati kama huo, hata ungekusanya madaktari bingwa wote wa akili wa nchi hii, wasingetosha. Ndiyo maana wataalamu wa afya duniani wakageukia njia nyingine: kumfunza mtu wa kawaida, mwalimu, mkunga, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mkimbizi mwenyewe, amsaidie mwenzake chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Mtu wa hapo hapo ana faida ambayo mgeni hana: lugha. Kihangaza cha Ngara kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Mnyarwanda akisema ana “ihahamuka”, anaeleza hofu inayomjia ghafla hadi pumzi inamkata. Anayeijua lugha humwelewa mara moja. Asiyeijua anaweza kumtibu pumu.

Lakini je, mtu aliyefunzwa wiki chache anaweza kuponya? Ni haki yako kuuliza. Majibu mazuri yametoka kwa majirani zetu wa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye kiwewe walishiriki utafiti uliochapishwa 2008. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Miongoni mwa waliopata ushauri, asilimia 65 hadi 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo baadaye, dhidi ya asilimia 37 ya wale waliofuatiliwa tu bila ushauri.

Kabla ya hapo, 2003, yalitolewa matokeo ya wilaya za Rakai na Masaka, ambako wanavijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ndio waliobaki na sonona. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walikuwa asilimia 54.7.

Sasa, ukikutana na mshauri wa aina hii, utegemee nini? Mara nyingi mtaonana mara tano au sita hivi, faragha au kikundini. Atakusikiliza. Atakuonyesha namna ya kupumua taratibu hofu inapopanda. Mtachagua tatizo moja linaloweza kutatulika na kupanga hatua za kulikabili. Atakusaidia kurudi kwa watu: shambani, kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Kuna mambo asiyotakiwa kufanya. Hakulazimishi kusimulia yaliyokupata kama hujawa tayari. Hakuandikii dawa. Hapeleki siri yako kisimani, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na hilo akwambie mapema. Muulize amefunzwa na nani na anasimamiwa na nani. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.

Zipo hali ambazo ushauri peke yake hautoshi. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali bila kungoja, kama mgonjwa anazungumzia kujiua, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaanguka kifafa, hali wala hanywi, au amejifungua karibuni na anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto. Anayetumia dawa za kifafa au za akili asiziache kwa sababu ameanza ushauri. Viwili hivyo huenda pamoja.

Wazazi, mtoto aliyeona mabaya hapони kwa fimbo. Kumchapa kwa kukojoa kitandani kunamwongezea hofu iliyomfanya akojoe. Mpe ratiba: saa ya kula, ya kulala, ya shule, na nafasi ya kucheza na wenzake. Akiuliza, mjibu ukweli kwa maneno ya umri wake. Msisimulie habari za mauaji mbele yake mkidhani haelewi. Na wewe mzazi ukiwa umezidiwa, tafuta msaada, kwani mtoto huusoma uso wako kabla ya maneno yako.

Mwisho, usiogope kuuliza. Wengi hudhani kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumpa wazo. Si kweli. Kumuuliza kwa upole humfungulia mlango wa kusema. Leo jioni, kaa naye pembeni, zima redio, umuulize analalaje. Kisha nyamaza, umwache aseme. Kesho mfuate mhudumu wa afya wa kijiji chako, mwende pamoja.