Imber, Kijiji cha Jeshi

Kusini mwa Uingereza, katika kaunti ya Wiltshire, kuna nyanda pana za nyasi ziitwazo Salisbury Plain. Katikati yake kuna kijiji cha Imber. Barabara kinayo, kanisa kinalo, makaburi kinayo, wakazi hakina.

Jeshi lilianza kununua ardhi ya nyanda hizo mwaka 1897. Baadaye, kilimo kilipodorora baina ya vita kuu mbili, wenye mashamba ya Imber nao wakauza, na wakulima wakaendelea kulima kama wapangaji. Hadi Vita Kuu ya Pili, karibu kijiji kizima kilikuwa mali ya Wizara ya Vita, isipokuwa kanisa, nyumba ya kasisi, kanisa dogo la Wabatisti na baa ya Bell Inn. Kwa maoni yangu, wanakijiji walishindwa hapo, kabla hata hawajajua kwamba wana kesi.

Tarehe 1 Novemba 1943 waliitwa kwenye chumba cha shule, wakapewa siku 47 wawe wamehama. Wanajeshi wa Marekani walihitaji mahali pa kufanyia mazoezi kabla ya kuvuka bahari kuikomboa Ulaya. Watu walikuwa kama 150 hivi, na wengi hawakubisha: vita ni vita, na waliamini vikiisha watarudi kwao. Inasimuliwa kwamba mhunzi wa kijiji alikutwa amejiinamia juu ya fuawe yake, analia kama mtoto. Haukupita muda akafa, akarudishwa Imber kuzikwa.

Vita vikaisha mwaka 1945, kijiji kisirudishwe. Wenyewe walishikilia kwamba waliahidiwa kwa mdomo; karatasi ya kuthibitisha haikupatikana. Januari 1961 watu zaidi ya 2,000 waliandamana hadi kijijini kudai haki. Serikali ikafanya uchunguzi, na uamuzi ukawa kwamba jeshi libaki, ila kanisa lifunguliwe kwa umma siku moja kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Giles. Haki gani hiyo, ya kwenda kwenu kwa ruhusa!

Nyumba chache za zamani zilizosalia ni magofu yasiyo na madirisha. Kando yake jeshi lilijenga maboma matupu katika miaka ya 1970 ili kuwafundisha askari waliokuwa wakipelekwa Ireland ya Kaskazini. Kanisa lenyewe lipo imara, na ukutani bado pana michoro ya kale. Tangu mwaka 2005 linatunzwa na shirika la Churches Conservation Trust.

Kuanzia mwaka 2009, siku moja ya kiangazi, mabasi mekundu ya ghorofa yaliyowahi kutumika London huwabeba wageni kutoka mji wa Warminster hadi mlangoni mwa kanisa. Ukibahatika kwenda, usiiache barabara hata hatua moja: mabomu ambayo hayajalipuka bado yamo majanini.