Faili Zinazojiandika: Je, Zifungwe?

Si kila faili ya programu huandikwa kwa mkono. Bison, kwa mfano, husoma faili ya sarufi, kisha hutoa yenyewe faili ya lugha ya C. Sasa, mtu akirekebisha hiyo C, leo itafanya kazi sawasawa. Lakini sarufi ikibadilishwa kesho, Make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka wa 1976, itaona sarufi ni mpya zaidi, iite Bison tena, na jasho lake lote lipotee bila onyo!

Wengine hudai kufunga kunasumbua, maana Bison nayo itazuiwa kuandika. Basi Make iamriwe kufuta ya zamani kwanza. Mimi naona zifungwe, zisomwe tu. Atakayezuiwa atakwenda kurekebisha sarufi yenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.