Fahamu: Kulala ndani ya gari ukiwa Simiyu

Magari yaliyogeuzwa nyumba, yenye kitanda, jiko na sola juu ya paa, huwabeba wasafiri kati ya Mwanza na Serengeti. Je, Simiyu ina nafasi gani?

Njia
Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega. Barabara ya lami kutoka Bariadi hukutana na ile ya Mwanza–Musoma pale Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Unalala wapi?
Ndani ya hifadhi, huruhusiwi kulala popote upendapo: unalipia kiingilio na kambi iliyotengwa, na usiku huendeshi gari. Nje ya hifadhi, omba ruhusa kwa mwenye eneo, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji. Ukijitambulisha mapema, unalala kama mgeni.

Hatari
Usiwashe jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Mahali pa mtungi wa gesi napo panahitaji matundu ya hewa, hasa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa.

Wakati wa masika, ogopa udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa hunasa hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Egesha penye mwinuko, karibu na barabara.