Kabla ya kufyeka majani ya nyumbani, jua nani anaishi humo

Kwa familia nyingi, uwanja usio na jani refu hata moja ni dalili ya usafi. Majani yakifika magotini, majirani huanza kunong'ona. Ndiyo maana mvua za masika zinapokatika, vijana wenye mafyekeo na mashine hupita mtaa kwa mtaa wakitafuta kazi. Ndani ya muda mfupi uwanja mzima unakuwa mweupe, na majani yaliyokatwa yanachomwa moto.

Hofu ya nyoka ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mzazi mwenye mtoto anayecheza nje hawezi kulaumiwa kwa kukata majani karibu na nyumba.

Swali ni je, ni haki kufyeka kila kitu hadi kwenye uzio?

Majani hayo ni makazi ya viumbe. Kalunguyeye hulala humo mchana, na usiku hutoka kutafuta wadudu. Akitishwa, mara nyingi hujikunja kama mpira badala ya kukimbia. Kinyonga naye hutembea taratibu. Wote wawili hawana mbio za kuishinda mashine, na moto ndio unaomalizia waliobaki.

Hasara haiishii kwao. Boga lina maua ya kiume na ya kike yaliyo mbalimbali, hivyo nyuki ndiye anayebeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Asipofika, kitoto cha boga hugeuka njano na kudondoka. Pasheni hutegemea zaidi wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Maua ya kishonanguo, yanayoitwa magugu, ni chakula cha nyuki. Na uzio humzuia mwizi, haumzuii nyuki: ukifyeka maua yote kwako, jirani mwenye maboga naye anaweza kukosa mavuno.

Wapo wanaofyeka wakiamini wanamaliza mbu. Ni kweli mbu wakubwa hupumzika kwenye majani, lakini mayai hutagwa penye maji. Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye makopo, matairi na vifuu vyenye maji. Uwanja unaweza kuwa mweupe kabisa, na tairi moja nyuma ya choo likaendelea kuzalisha mbu.

Namna ya kukata bila kuangamiza

Fupisha majani kuzunguka nyumba, kwenye njia na wanapocheza watoto. Ondoa pia mirundo ya matofali, mbao na mabaki ya chakula, kwa sababu huvuta panya, na panya humvuta nyoka.

Kando ya uzio, mbali na mlango, acha ukanda mwembamba wa majani na maua. Uwe na mpaka unaoonekana, na watoto waelezwe kuwa hapo si pa kuchezea.

Siku ya kukata, pita kwanza na fimbo ndefu, ukiwa umevaa viatu vya kufunika miguu, utikise majani. Mwambie kijana aanzie nyumbani kuelekea kwenye uzio, ili viumbe wakimbilie nje badala ya kuingia ndani. Akimwona kalunguyeye, amsogeze kwa koleo hadi kwenye ukanda ulioachwa. Majani yaliyokatwa yatandazwe kwenye mashina ya migomba na mipapai, yasichomwe.

Kama kijana hulipwa kwa haraka yake, mwongezee kidogo kwa kwenda taratibu. Ni gharama ndogo, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuibeba, si kalunguyeye.