Sura ya Nne: Pesa za Gofu Zinakokwenda

Anayetaka kuanza gofu Nairobi huanzia dukani. Anaona seti ya fimbo imepangwa ndani ya mfuko mpya, anauliza bei, anashtuka. Kisha ama anaondoka akisema mchezo huu ni wa matajiri, ama anajikaza akalipa. Wote wawili wamepima gharama mahali pasipopimiwa. Fimbo hununuliwa mara moja, na zikitunzwa hudumu miaka kumi au zaidi. Kinachomaliza pesa ni kile kinacholipiwa tena na tena: uwanja, mwalimu, mipira na watu wanaokusaidia kucheza.

Mzizi wa bei hizo zote ni ardhi. Uwanja wa mashimo 18 unahitaji hekta 50 au zaidi, ilhali uwanja wa kandanda haufiki hata hekta moja na unachezewa na watu 22 kwa pamoja. Grini, yaani sehemu laini iliyo na shimo, hukatwa nyasi karibu kila siku hadi zibaki milimita chache tu. Kiangazi kikiingia, maji hayana budi kumwagwa. Gharama hiyo yote inagawanywa kwa wachezaji wachache.

Klabu kongwe za Nairobi zilipata ardhi zake mji ukiwa bado mchanga. Royal Nairobi ilianza 1906, miaka saba tu baada ya reli kufika hapa. Zilijengwa kwa ajili ya wanachama, na kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika aliingia humo kubeba fimbo au kuhudumu. Milango imefunguka, ila utaratibu wa malipo ni ule ule: kiingilio kinacholipwa mara moja, ada ya kila mwaka, na kwa asiye mwanachama, ada ya uwanja kila anapocheza. Kwa kawaida mgeni aliyealikwa na mwanachama hulipa kidogo kuliko aliyejileta, siku za kazi ni nafuu kuliko wikendi, na mashimo 9 ni nafuu kuliko 18.

Kuna njia nyingine ya kuingia. Golf Park iko ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ardhi moja inatumiwa na michezo miwili, na mtu hucheza kwa kulipia siku hiyo bila kuwa mwanachama. Pana pia uwanja wa mazoezi wa kupiga mipira. Kwa anayeanza, mahali pa aina hii panatosha kwa mwaka mzima.

Kwenye uwanja wa mazoezi unalipia ndoo ya mipira, na hapo ndipo pesa ndogo ndogo huvuja. Mara nyingi unapiga ukiwa juu ya mkeka wa plastiki, na mkeka hudanganya. Fimbo ikigonga chini sentimita chache kabla ya mpira, kwenye nyasi ingechimba udongo na mpira ungeishia karibu. Juu ya mkeka, kichwa cha fimbo huteleza, kikaupata mpira, ukaruka vizuri, nawe ukaridhika. Mipira yenyewe imechakaa na haifiki mbali kama mipya. Basi usipime umbali pale, pima mwelekeo. Ndoo moja iliyopigwa polepole, kila mpira na shabaha yake, ina faida kuliko ndoo tatu za kukamua jasho.

Halafu kuna zoezi linalogharimu kidogo kuliko yote. Kwenye uwanja wa par 72, yaani mapigo yanayotarajiwa kwa mashimo yote 18, hesabu inakupa mapigo mawili kwenye kila grini. Mara 18 ni mapigo 36, nusu nzima ya mchezo, na yote hupigwa kwa fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni. Draiva, fimbo ndefu inayouzwa kwa bei kubwa na matangazo makubwa, kwa kawaida haina kazi zaidi ya mara 14 katika raundi, kwa kuwa mashimo manne ya par 3 hayaihitaji. Lakini nenda uwanja wowote wa mazoezi Jumamosi: foleni iko kwenye draiva, grini ya mazoezi iko tupu. Ajabu zaidi, draiva mpya huuzwa kwa ahadi ya mita za ziada, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya hapa tayari inausogeza mpira mbele kuliko ungefika ukiupiga Mombasa.

Mwalimu ndiye wa kulipwa kwanza, kabla ya duka. Kosa la mshiko lililozoewa miezi sita ni ghali kulirekebisha, maana unalipa mara mbili: kulifuta na kujifunza upya. Kabla ya kukubali bei, uliza mambo matatu. Je, bei hiyo ni ya nusu saa au saa nzima? Mipira na ada ya uwanja zimo? Atakuazima fimbo? Watu watatu wakijiunga darasa moja, mzigo hupungua, na kutazama kosa la mwenzako nako ni kujifunza. Acha wiki moja au mbili kati ya masomo ili ufanyie kazi ulichoambiwa.

Sasa fimbo. Sheria inaruhusu zisizidi 14. Haisemi lazima zifike 14. Fimbo mbili zinazofuatana hutofautiana kwa digrii chache za mwinamo na mita kumi hivi za umbali, tofauti ambayo mkono wa mwanafunzi bado hauwezi kuitoa. Sita au saba zilizotumika zinatosha, na mtu hujikuna ajipatapo. Fimbo mpya zinazotoka nje hubeba ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Zilizotumika zina bei ya mapatano. Kagua raba ya mshikio: ikiwa ngumu na inateleza, ongeza gharama ya kuibadilisha. Glavu moja ya mkono wa kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia, na mipira iliyookotwa vinatosha kuanzia. Mipira mipya utaipoteza vichakani.

Kedi, yaani anayekubebea fimbo, usimkate. Anapata riziki yake kwa siku, na kwa mgeni anafanya kazi ya macho na ya mwalimu: anaona mpira ulikoangukia, anakuonyesha mteremko wa grini. Uliza malipo yaliyowekwa na klabu, kisha tenga chai yake mapema.

Uanachama uje mwisho, nao upigiwe hesabu. Gawa ada ya mwaka kwa ada ya uwanja ya siku moja. Kwa mfano tu, ada ya mwaka ikiwa shilingi 100,000 na raundi moja 4,000, itakubidi ucheze mara 25 ndipo ada irudi, na kiingilio bado hakijahesabiwa. Iwapo mwaka uliopita ulicheza mara kumi, endelea kulipia siku kwa siku, na tofauti hiyo mpe mwalimu.