Mhogo Mchungu na Miguu ya Watoto

Mwanafunzi wa utabibu apelekwapo zahanati ya shamba kujifunza kazi, huchukua nyundo ndogo ya mpira. Humketisha mgonjwa, miguu ikining'inia, kisha humgonga chini ya pia ya goti. Mguu ukiruka kidogo, ni mzima. Usiporuka, naye mtoto alikuwa na homa, huenda ni polio. Lakini miguu yote miwili ikiruka kwa nguvu kupita kawaida, na juma lililopita mtoto alikuwa akikimbia na wenzake, basi nyundo imekwisha kazi yake. Sasa yampasa aulize neno lisilo la dawa hata kidogo: "Mama, mwezi huu mmekula nini nyumbani?"

Ugonjwa huo waitwa konzo. Jina latoka kwa Wayaka wa Kwango, katika Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, Wabelgiji walipokuwa wakitawala huko. Humshika mtu ghafula, pengine kwa siku moja tu. Miguu hukakamaa, naye hutembea kwa ncha za vidole au hushindwa kabisa. Baada ya hapo hauzidi, lakini hauponi, wala dawa yake haijapatikana. Wanaoshikwa zaidi ni watoto, na wanawake wa umri wa kuzaa.

Mwaka 1981 watu zaidi ya elfu moja walipatwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni polio. Daktari Julie Cliff wa Australia na Daktari Hans Rosling wa Sweden, waliokuwa wakifanya kazi nchini humo, pamoja na wenzao walipima wagonjwa na vyakula vyao, nao wakaona kwamba chanzo ni mhogo mchungu. Ukame ulikuwa umeua mazao mengi, ukabaki mhogo peke yake. Na katika ukame mhogo huongeza sumu yake. Njaa haingoji. Makopa yaliyotaka majuma ya kukauka yalitwangwa na kupikwa mapema. Tena samaki na kunde hazikuwapo, na bila vyakula vya namna hiyo mwili hukosa kitu cha kuiondolea sumu. Mwaka 1985 yakatokea mambo kama hayo wilayani Tarime, Tanganyika ya zamani, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Wala msomaji asiuchukie mhogo kwa habari hizi. Tangu Wareno walipouleta kutoka Amerika umeokoa watu wengi, na mhogo mtamu tunaokula na nazi au chumvi ukichemshwa vema hauna lawama. Ule mchungu hupandwa kwa busara: huvumilia ardhi mbaya, na nguruwe mwitu hawaupendi. Sumu yenyewe, iitwayo sayanidi, haipo wazi ndani ya mzizi. Hutokea mzizi ukiharibiwa, yaani ukikunwa, ukilowekwa au ukitwangwa. Ndipo huwa mvuke na kwenda zake hewani. Ndiyo sababu wazee wetu waliloweka mhogo siku tatu au nne, hata ukawa laini. Hawakujua kemia, lakini walijua mhogo.

Je, mahali pasipo maji ya kulowekea? Bwana Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alitengeneza njia ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Tia unga mkavu wa mhogo katika bakuli, usawazishe, na uweke alama ndani palipofika unga. Tia maji huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hupungua hata ikabaki kama theluthi. Mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, huko Kwango, walifundishwa njia hii, na wakati wa uchunguzi hakuonekana mgonjwa mpya.

Mimi si tabibu; kazi yangu ni kalamu na majalada. Lakini sisi makarani twajua kwamba neno lisilo na nafasi katika fomu haliandikwi. Kadi ya mgonjwa huuliza jina, umri, kijiji na joto la mwili. Chakula hakiulizwi, na mwanafunzi aliyechoka, mwenye watu arobaini wakingoja kwenye benchi, hujaza yale yaliyopo. Basi mtoto huandikwa "polio", mama akapanda gari kurudi nyumbani, na unga ule ule wangoja jikoni pamoja na ndugu zake wanne.

Unga uliotandazwa upikwe siku ile ile, kwa maana ukilala na unyevu huota ukungu.